Isale la Kampuni

1

Getini walimpima joto la mwili, wakapekua mkoba wake, wakaipitishia chupa yake ya chai kifimbo chao cha bati cha kunusa, halafu wakamwambia: karibu mama, bustani hii ni mali ya umma.

Ndeonansia aliwatazama. Umma gani tena? Umma uliozaliwa humo ndani ulikuwa umesimama mbele yao, umevaa kanga mbili na mabuti ya mvua, na ndio kwanza umelipishwa kiingilio.

Akafunga mkoba wake. Alikuwa ameapa asubuhi ile kwamba hatagombana na mtu mpaka afike ziwani, na kiapo hicho kilishaanza kumlemea. Kijijini Kirimeni, chini ya msitu, walimwita Mama Redio. Alijifundisha kutengeneza redio kwa kuzibomoa, akajifundisha sheria kwa kushtakiwa, na akishaanza kusema hakuna aliyejua kitufe cha kumpunguza sauti.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Aligeuka. Aminieli, mtoto wa marehemu mdogo wake, alikuwa amesimama ng'ambo ya kizuizi ndani ya koti la kijivu la kampuni ya Theluji Mpya. Kifuani pameshonwa mlima mweupe pe, mweupe kuliko ule wa kweli uliokuwa nyuma yake, maana ule wa kweli ulikuwa umebaki mwamba mtupu tangu Ndeonansia anasuka nywele za shule.

"Marahaba. Umejuaje nakuja?"

"Ukinunua tiketi tu, jina lako linawaka mezani kwangu. Jekundu."

"Tangu lini?"

"Nimeajiriwa nikalikuta."

Alitaka kucheka, akabana midomo. Mtoto huyu alilelewa mgongoni mwake. "Basi nipeleke ziwani."

"Nakupeleka mwenyewe. Ila nakuomba kitu kimoja, mama mkubwa. Tukifika, usisogelee sanduku."

"Sanduku nililowekesha mimi, nisilisogelee?"

Alikuwa haongezi chumvi. Sanduku lile lilikaa ukingoni mwa ziwa, lina kioo mbele na chupa moja ndani, na limepakwa kijani ili lisiwatie watalii wasiwasi. Chupa hiyo iliitwa kizimachachu. Ikimiminwa ziwani, chachu ya barafu inayoligandisha ziwa hufa yote, na Ziwa Mringa hurudi kuwa maji kama maji mengine. Sheria ilisema raia yeyote akiona hatari avunje kioo, kisha akajieleze mahakamani. Sheria hiyo haikudondoka mbinguni. Watu wa Kirimeni walilala barabarani wakiipigania, Ndeonansia mbele, na meno yake ya juu yalibaki kwenye ile lami. Mwishowe kampuni ilikubali, tena kwa tabasamu. Mawakili wake walikuwa wanajua kitu ambacho yeye alikuwa hajakijua.

Na leo hatari ilikuwepo. Redio ilikuwa imetangaza kwamba ukungu utashuka jioni. Mwaka huu ukungu ulishashuka mara mbili, na mara zote mbili Kirimeni iliamka na jalidi, migomba imeungua, majani meusi yananing'inia kama yamemwagiwa maji ya moto, kumbe ni baridi. Mgomba ukiungua mara moja huchipua. Mara ya pili huchipua kwa kulazimishwa. Jalidi ya tatu huingia mpaka kwenye kiini cha shina, chini ya udongo, na hapo hakuna chipukizi la kuhamisha wala la kuomba kwa jirani, kwa sababu na jirani hana. Jana Ndeonansia alizunguka vihambani, kwenye mashamba ya migomba, akichoma kisu mashinani. Kisu kilikuwa kinatoka na utomvu. Bado yalikuwa hai.

2

Njia ilipanda katikati ya mierezi na misesewe, imewekwa mbao ili wageni wasichafue viatu. Aminieli alitangulia. Ndeonansia alimfuata akihesabu pumzi zake na hasira zake kwa pamoja.

Bibi yake alimsimulia kwamba huku juu hapakuwa na miti. Palikuwa na nyasi fupi, upepo na mawe, na juu ya mawe barafu. Joto lilipozidi, miti ikaanza kupanda mlima, na watu wakapanda nayo wakikimbia ukame wa chini, wakalima, wakajenga, wakazika. Barafu nayo ikaisha. Iliacha shimo ililokuwa ikilisugua kwenye mwamba kwa maelfu ya miaka, na ndani ya shimo maji. Ndipo kampuni ilipokuja ikagundua kwamba msitu huu ni wa asili kabisa, haujapata kuguswa na binadamu.

Walipofika kwenye masale, alisimama.

Yalikuwa mistari miwili, imenyooka, imekutana kwenye pembe. Msitu haujui pembe. Ndani ya pembe hiyo palikuwa na jiwe la kusagia lililoota kuvu, na mbele ya jiwe kibao cha kampuni: MASALE. MMEA WA ASILI WA MSITU HUU. USICHUME.

"Mlango ulikuwa hapa," alisema. "Mama yako aliota meno ya kwanza akitambaa hapa."

"Nafahamu, mama mkubwa. Umeshaniambia."

"Nitakwambia tena. Wewe ndiye unayelipwa usahau."

Mgeni wa mlima akiona masale huona majani marefu tu, kama mapanga ya kijani. Mchagga huona mpaka wa kihamba. Huona kaburi, kwa maana wazee walizungushiwa masale. Na huona msamaha. Ukimkosea mtu, ukachuma isale, ukalishika mkononi ukaenda kwake na kulitaja kosa lako, hawezi kukukatalia. Hata kama umemuulia. Anaweza kulia, anaweza kukuacha nje kwenye mvua ukinyeshewa, lakini mwisho wake hulipokea, na likishapokewa, kisasi kimekwisha.

Kampuni ilijifunza hilo kabla haijajifunza hata majina ya mito.

Mara ya kwanza ilimtuma bwana mmoja mrefu, kijana wa hapa hapa mlimani, akasimama kwenye pembe hii na isale mkononi, akaomba msamaha wa kuwahamisha. Baba yake Ndeonansia alilipokea. Alilia kwa sauti, mtoto wake hajapata kumsikia akilia vile, halafu akaanza kukunja magodoro. Nusu ya watu walikwenda Kirimeni. Nusu nyingine, akiwemo mama yake Aminieli, walishushwa tambarare, Kwasa, kwenye vumbi. Mara ya pili walileta isale walipomwaga chachu ziwani bila kumuuliza mtu. Mara ya tatu ilikuwa baada ya jalidi ya kwanza: ofisa alishuka kwenye gari la kuruka akiwa na fungu zima la masale, yamefungwa kwa raba, jani moja kila nyumba. Yalioteshwa kwenye banda la plastiki. Yote yalikuwa na urefu mmoja.

Na watu wakayapokea. Yeye pia alilipokea lake. Ulimi ulijaa matusi, mkono ukaenda wenyewe.

Ndeonansia aliinama juu ya ua wa baba yake, akachuma jani moja lililotobolewa na wadudu, akalichomeka kwenye mkunjo wa kanga.

"Mama mkubwa! Kuchuma ni faini."

"Niandikie. Andika hivi: ameiba jani la baba yake."

Aminieli hakuandika. Alitazama kamera iliyokuwa juu ya mwerezi, akajisogeza akaiziba kwa mgongo.

3

Ziwa lilitokea ghafla baina ya miti, dogo, unaweza kulizunguka kabla chai haijapoa kikombeni. Na lilikuwa jeupe. Jua la mchana lilikuwa linaliangazia na ziwa halijali. Wageni waliokodi makoti ya manyoya walikuwa wanateleza na kuanguka na kucheka, mama mmoja wa mjini amelalia tumbo juu ya barafu anapigwa picha, watoto wanailamba kama pipi.

Lilikuwa zuri. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Maji ya kawaida hungoja baridi kali ndipo yagande, kwa sababu yanahitaji mahali pa kuanzia, punje ya kushikia. Theluji Mpya walimfuga mdudu asiyeonekana kwa macho ambaye gamba lake ndilo hiyo punje. Maji yakimgusa hudanganyika kwamba yamekwisha ganda, yakaganda kweli, tena katika hewa ambayo wewe unavaa sweta tu. Wakamwita chachu, ili sisi tunaopika mbege, pombe yetu ya ndizi, tumwone wa nyumbani. Ukungu ukipita juu ya ziwa hunaswa, hugeuka barafu, na barafu huyeyuka pole pole ikaingia kwenye bomba kubwa linalokwenda Kwasa. Mlima uliokauka ukaanza tena kunywesha watu. Hayo yote yalikuwa kwenye vibao, na yote yalikuwa kweli.

Kisichokuwa kwenye vibao ni hiki: si ukungu wote unaonaswa. Mwingine unapita, unambeba mdudu mgongoni, unashuka naye migombani. Na mdudu hajui bustani inaishia wapi.

Sanduku lilikuwa pale pale lilipowekwa. Ndeonansia alilisogelea mpaka akaona uso wake kwenye kioo, kisha akaona kitu kingine.

Kwenye kitasa palikuwa pamefungwa jani la isale. Bichi. Limekatwa asubuhi hii.

Kumbe ndicho walichokijua mawakili. Hawakuhitaji kufuli wala askari. Sasa alielewa kwa nini mzee Kundaeli wa Kirimeni alipanda huku na nyundo baada ya jalidi ya kwanza, akarudi na nyundo yake, asimwambie mtu alichokiona. Sasa alielewa kwa nini akina mama wa kwaya, walipopanda kama yeye, walirudi wakiwa kimya.

"Nani analifunga?"

Aminieli alitazama mabuti yake. "Mimi. Ndiyo kazi yangu ya kwanza nikifika."

"Mwanangu."

"Mama mkubwa, turudi. Nimekuomba vizuri."

"Unalifunga kwa niaba ya nani?"

"Ya kampuni."

"Kampuni ina mkono? Nionyeshe mkono wake, nilipokee."

Sauti ilikuwa imeanza kupanda. Yule mama wa mjini alinyanyuka kutoka kwenye barafu, akajifuta tumbo. "Jamani, mama, usituharibie siku! Tumelipa hela yetu!"

"Umelipa kuiona, mama mwenzangu," Ndeonansia alimjibu. "Mimi nailipia hata nisipoiona."

Wengine wakacheka, wengine wakasogea. Miwani ikaanza kuwaka vitaa vidogo pembeni, alama kwamba inarekodi. Ng'ambo ya ziwa, walinzi wawili walisimama kwenye benchi lao, wakaanza kuja bila haraka. Barafu hairuhusu haraka.

4

Aminieli alimsogelea, akanong'ona, na safari hii hakuwa anaongea kama mtu wa kampuni.

"Sikiliza. Ukivunja hapo, Kwasa watakunywa nini? Wanangu wako Kwasa. Kaburi la mama liko Kwasa. Nusu ya watu waliotoka kwenye ule ua wa masale wako Kwasa, wananyonya hili bomba. Hao si watu wako? Au watu wako ni wenye migomba peke yao?"

Jibu la hilo Ndeonansia alilitafuta usiku kucha na hakulipata, ndiyo maana alipanda mlima bila kumuaga mtu. Alimkumbuka mdogo wake Kwasa, mwaka wa kwanza, ameshika ndoo kwenye foleni, midomo imepasuka. Maji haya yangekuja wakati ule, huenda angekuwa hai.

"Barafu ikianza kuyeyuka yote kwa pamoja," aliuliza taratibu, "mabwawa yenu kule chini yatajaa?"

"Yatajaa."

"Yatawafikisha mvua za vuli?"

"Labda. Wakijibana. Baada ya hapo hakuna kitu."

"Na sisi ukungu wa jioni ukishuka, migomba ina labda?"

Aminieli alikuwa mtoto wa migombani, hakuweza kusema ina.

"Mfongo wa Kirimeni, ule mfereji wa wazee, tuliufukia bomba lilipokuja," Ndeonansia alisema. "Chemchemi yake bado inatoka. Tutaufukua, tuushushe mpaka Kwasa. Watapewa zamu kama sisi."

"Watu wa Kirimeni watakubali kugawana mfongo na Kwasa?"

"Watanitukana mpaka wachoke. Nitachimba huku natukanwa. Nimezoea."

"Hizo ni ndoto, mama mkubwa. Ni kazi ya mwaka mzima."

"Najua ni kazi ya nini. Sijakuambia hawatateseka." Alilielekezea kidole lile jani bila kuligusa. "Sasa hili. Isale halifungwi kwenye kitasa kama kitambaa cha kufutia meza. Linaletwa na mkono, na mdomo unataja kosa. Mama yako alikufundisha, mimi nilikuwepo. Kama unaniomba, lifungue uniombe. Kama huniombi, hilo ni jani tu, nitalitoa nilishie mbuzi."

Walinzi walikuwa wamefika katikati ya ziwa. Mmoja aliteleza, akakaa chini, watoto wakamzomea.

Aminieli alilifungua jani. Fundo lilimkatalia mara mbili. Alipolitoa, alilishika kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, na Ndeonansia akafahamu kwamba atalitaja kweli, na akatamani ghafla amzuie.

"Naomba msamaha, mama mkubwa. Ukungu unabeba chachu kwenda migombani. Tulijua. Tulijua hata kabla ya jalidi ya kwanza. Mimi mwenyewe nilipima majani ya kihamba chako, nikaikuta. Nikaambiwa ninyamaze, nikanyamaza, kwa sababu ya wanangu."

Hakuna aliyecheka tena. Vitaa vya miwani viliwaka kimya, kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa kinampokonya Aminieli koti lake la kijivu.

Miaka yote Ndeonansia alisubiri mtu wa kampuni aseme maneno yale. Alikuwa ametayarisha majibu, makali, ya kutosha mkutano mzima. Sasa yalikuja na kuondoka. Alinyoosha mikono, akalipokea jani.

"Nimepokea. Mimi na wewe, yamekwisha."

Kijana alishusha pumzi, mabega yakateremka. Alimshika mkono. "Ahsante, mama mkubwa. Ahsante. Basi twende, nikusindikize getini kabla hawa hawajafika."

"Ngoja. Na mimi nina langu."

Akachomoa kwenye kanga lile jani la ua wa baba yake, lenye matundu. Akalishika kwa mikono miwili. Aminieli aliliona, akarudi nyuma, akaficha mikono mgongoni kama alivyofanya utotoni alipokuwa hataki kuoga.

"Hapana. Usinifanyie hivyo."

"Aminieli, baba. Wewe ni mtu wa Kwasa. Nawaomba msamaha watu wa Kwasa. Nitawakatia maji. Watoto watapanga foleni na ndoo, na najua foleni ile ilimfanya nini mama yako. Sifanyi kwa kutojua."

"Isale ni la kosa lililokwisha kutendwa! Huwezi kuomba kabla!"

"Walipomletea baba yangu," Ndeonansia alisema, "nyumba ilikuwa bado imesimama."

Upepo ulipita juu ya ziwa, ukawagusa usoni, na ndani yake tayari mlikuwa na ubichi wa ukungu. Mlinzi mmoja alipiga kelele, wewe mama, ondoka hapo. Ndeonansia hakugeuka. Mbele ya Aminieli, mkongwe aliyewahi kumbeba mgongoni alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imenyooshwa, imelemewa na jani moja. Unaweza kulia. Unaweza kumwacha mtu kwenye mvua.

Mikono ya Aminieli ilitoka mgongoni pole pole. Alilipokea.

"Sasa piga simu Kwasa," Ndeonansia alimwambia. "Waambie wajaze."

Akazungusha kanga kwenye kiwiko, akavunja kioo. Sauti ya kuvunjika ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Chupa ilikuwa ya baridi na nyepesi, kifuniko chake kikatoka kwa mkupuo mmoja, na alipoimimina dawa ilikimbia juu ya barafu kama maziwa yaliyomwagika, ikatafuta nyufa, ikazama. Mwanzo hakikutokea kitu. Kisha ziwa likapiga mlio kutoka chini kabisa, kama mbao za nyumba ya zamani, na wageni wakaanza kukimbilia ukingoni wakivutana makoti. Walinzi wakasahau kwamba barafu hairuhusu haraka.

Weupe ulianza kufifia ukingoni. Chini yake yalikuwepo maji, meusi, ya kawaida.

Ndeonansia aliketi kwenye jiwe, akamimina chai yake, akangoja kukamatwa, jani la kampuni likiwa juu ya mapaja. Nyuma yake alimsikia Aminieli anaongea na mkewe kwenye simu, sauti inakatika.

"Jaza. Kila chombo. Hata beseni la nguo, hata sufuria, gonga kwa majirani wote... Hapana, hawajafunga wao. Ni mama mkubwa... Nilikuwa naye, ndiyo, nimesimama naye hapa hapa... Ningemzuiaje, mke wangu? Nimeshalipokea."